Ugumu kama Fani: Upokezi wa Mchezo wa Video *Tales of Kenzera: ZAU* na Mizani ya Sanaajadi ya Wabukusu

1.0 Utangulizi

Suala la ugumu wa kazi ya sanaa si geni katika uhakiki wa Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, mjadala ulipamba moto kuhusu ushairi usiofuata urari wa vina na mizani. Alipochapisha *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), wapo wasomaji waliolalamika kwamba kazi hizo hazishikiki. Pande mbili zikajitokeza. Upande mmoja uliuona ugumu kuwa kasoro: mwandishi ameshindwa kuwasiliana na hadhira yake. Upande wa pili uliuona kuwa dalili ya upevu: msomaji asiyeelewa na ajilaumu mwenyewe. Swali lililochelewa kuulizwa lilikuwa la tatu, nalo ni hili: ugumu huo unafanya kazi gani ndani ya utungo wenyewe?

Makala haya yanalielekeza swali hilo la tatu kwenye kazi isiyozoeleka katika majarida ya fasihi, yaani mchezo wa video *Tales of Kenzera: ZAU*. Mchezo huo ulitolewa tarehe 23 Aprili 2024 na Surgent Studios ya Uingereza, chini ya uongozi wa Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya. Unamhusu mhakiki wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa michezo michache ya kimataifa ambayo wahusika wake wanaweza kusikika wakizungumza Kiswahili. Pili, unajitambulisha kuwa umejengwa juu ya visasili vya Wabantu, na kwa hiyo unakaribisha kupimwa kwa mizani za jamii hizo.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba upokezi wa mchezo huu uliukata vipande viwili, hadithi upande mmoja na uchezaji upande mwingine, ukakisifu kimoja na kukilaumu kingine. Kwa kufanya hivyo, uliupita mgogoro ulio mkubwa zaidi, yaani ule wa fani kuyakanusha maudhui. Ili kuudhihirisha mgogoro huo, makala yanatumia mizani mbili kutoka sanaajadi ya Wabukusu wa Webuye, Bungoma na maeneo ya kuelekea Kitale: kisa cha Mango na joka, na hotuba ya msibani iitwayo kumuse. Sanaa hizo zimechaguliwa kwa kuwa zinashughulikia mambo yaleyale yanayoshughulikiwa na mchezo: kijana anayeikabili hatari, na watu wanaokikabili kifo.

2.0 Nadharia ya Upokezi na Matini Inayotendwa

Katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Hans Robert Jauss alidai kwamba historia ya fasihi haiwezi kuandikwa kwa kuangalia watunzi na tungo peke yake. Kila utungo hupokewa na wasomaji ambao tayari wana upeo wa matarajio: mambo wanayoyatazamia kutokana na tungo walizozisoma kabla, kanuni za utanzu na lugha ya kila siku. Utungo huukubali upeo huo, huupanua au huuvunja. Mwenzake, Wolfgang Iser, alisisitiza mapengo ambayo matini humwachia msomaji ayajaze.

Katika mchezo wa video, pengo halijazwi kwa fikra tu bali kwa vidole. Espen Aarseth, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu matini za kompyuta, alizitenga matini ambazo msomaji hana budi kufanya kazi ya ziada ili azipitie, tofauti na kazi nyepesi ya kufungua kurasa. Msomaji wa riwaya hazuiwi na riwaya kufika ukurasa wa mwisho. Mchezaji anaweza kuzuiwa: asiposhinda, hadithi haisongi mbele.

Kwa mhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki dhana hii haipaswi kuwa ngeni. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alieleza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na muktadha: kuna fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Utungo huishi katika kutendwa kwake. Mchezo wa video nao hauna uhai mpaka utendwe. Tofauti kubwa ni kwamba ndani yake mtu mmoja hubeba majukumu mawili: yeye ni hadhira ya hadithi aliyotungiwa, na papo hapo ni mtendaji ambaye bila yeye hadithi haitendeki.

3.0 Upeo wa Matarajio: Ugumu Kabla ya *Zau*

Wahakiki walioupokea mchezo wa Salim mwaka 2024 hawakuwa na vichwa vitupu. Walikuwa wamepitia takribani miaka kumi na mitano ya mjadala juu ya ugumu, mjadala ulioanzia hasa katika michezo ya mapambano na uhusika ya kampuni ya FromSoftware ya Japani. Katika michezo ya aina hiyo mchezaji huvaa uhusika, huupandisha daraja hatua kwa hatua, na hupigana yeye mwenyewe kwa wepesi wa mikono badala ya kuchagua amri katika orodha.

*Demon's Souls* ilipotoka mwaka 2009, mapokezi yake ya awali nchini Japani yalikuwa baridi, na wengi waliuona ugumu wake kuwa wa kupita kiasi. *Dark Souls* ilipofuata mwaka 2011, ugumu uleule ulikuwa umegeuka bidhaa: toleo la kompyuta la mwaka 2012 liliuzwa kwa jina lililomwonya mnunuzi ajiandae kufa. *Sekiro* ilipotoka mwaka 2019, ulizuka ubishi kama ni haki mchezo kukosa kiwango chepesi kwa wachezaji wenye ulemavu au wasio na muda. *Elden Ring*, iliyotoka Februari 2022, iliuza nakala zaidi ya milioni 20 katika mwaka wake wa kwanza, na ikasifiwa na wahakiki karibu kwa kauli moja. Hata hivyo, nyongeza yake ya Juni 2024 iliwagawanya watu: wahakiki waliimiminia sifa huku wachezaji wengi wakilalamika kuwa imezidi kuwa ngumu, na watengenezaji wakalazimika kupunguza makali.

Katika historia hii yafaa jambo moja lisisitizwe, kwa kuwa mara nyingi hupuuzwa na pande zote mbili za ubishi. Ugumu wa *Dark Souls* haukusifiwa kwa kuwa mkali tu. Mhusika wake mkuu amelaaniwa asife: kila aangukapo huinuka tena, na kila ainukapo yumo hatarini kupoteza utu wake kidogo kidogo. Kufa na kurudi kwa mchezaji ndiko kufa na kurudi kwa mhusika. Anapochoka na kutaka kuacha, mchezaji anaionja hali ambayo hadithi inaizungumzia. Fani na maudhui, kwa tamathali aliyoitumia F. E. M. K. Senkoro, ni sura mbili za sarafu moja. Wengi walioiga michezo hiyo walichukua sura moja ya sarafu wakaiacha nyingine.

4.0 Hadithi na Uchezaji: Hukumu za Wahakiki

*Tales of Kenzera: ZAU* imejengwa kwa hadithi ndani ya hadithi. Katika mji wa wakati ujao uitwao Amani, kijana Zuberi amefiwa na baba yake. Marehemu amemwachia kitabu alichokiandika, na ndani ya kitabu hicho mna kisa cha Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Zau hakubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kuwekeana naye ahadi: akimletea pepo watatu wakuu waliokataa kwenda kuzimu, atarudishiwa baba yake. Salim ameeleza hadharani kwamba mchezo huu ulitokana na msiba wa baba yake mzazi, msimulizi aliyemkuza kwa hadithi, na kwamba babu yake alikuwa mganga.

Kwa upande wa uchezaji, Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Cha jua humpa mapigo ya karibu, cha mwezi humpa mapigo ya mbali, na mchezaji hubadilishana navyo wakati wowote. Anazunguka katika ramani ambayo sehemu zake hufunguka kila apatapo uwezo mpya, na stadi zake hukua kwa kupanda ngazi. Kwa hiyo kazi hii imesimama mpakani mwa tanzu: si mchezo wa uhusika kwa ukamilifu, lakini imeazima kutoka huko mapambano ya mikono na ukuaji wa mhusika. Kiwango cha ugumu cha mapambano kinaweza kupunguzwa. Lakini kuna sehemu za kukimbia na kuruka ambamo kosa moja ni kifo cha papo hapo, na mchezaji hurudishwa nyuma aanze tena.

Mapokezi yalikuwa mazuri kwa kadiri. Wastani wa alama za wahakiki wa kimataifa ulikuwa katikati ya 70 kati ya 100. Walichokisifu kinafanana: hadithi ya huzuni, mandhari, uigizaji wa sauti, na muziki wa Nainita Desai. Walichokilaumu pia kinafanana: mapambano yanayojirudia, maadui wasio wa aina nyingi, na sehemu zile za kifo cha papo hapo zilizowakera kwa kuwarudisha nyuma mara kwa mara. Hukumu ya jumla ilikuwa kwamba hadithi ni nzuri lakini mchezo ni wa kawaida. Mwaka 2025 mchezo ulipata tuzo ya BAFTA katika kundi la michezo inayovuka mipaka ya burudani. Tuzo hiyo ni heshima kubwa, ila nayo inaelekea upande uleule wa kuyathamini maudhui kuliko fani.

Si hukumu zote zilizokuwa za kisanaa. Mwaka 2024 Salim alizungumza hadharani kuhusu matusi ya kibaguzi ambayo yeye na wenzake walirushiwa kwa sababu ya kutengeneza mchezo wenye wahusika Waafrika. Mwaka huohuo studio ilipunguza wafanyakazi, kisha ikawa inatafuta mfadhili wa mchezo mwingine, safari hii wa uhusika hasa, uliokusudiwa kutokea katika ulimwengu uleule wa Kenzera. Haidaiwi hapa kwamba alama za wahakiki ndizo zilizoleta hali hiyo. Hata hivyo, katika tasnia ambamo mfadhili huangalia alama kabla ya kutoa fedha, namna ya kuhakiki si suala la darasani tu. Uhakiki unaosema nusu ya jambo unaweza kuifunga njia ya kazi ambayo ingejisahihisha.

5.0 Mizani ya Kwanza: Mango na Joka

Mji wa Webuye, uliojulikana kama Broderick Falls wakati wa ukoloni, uko karibu na Mto Nzoia, chini ya vilima vya Chetambe. Kote katika eneo hilo na Kaunti nzima ya Bungoma husimuliwa kisa cha Mango. Masimulizi hutofautiana katika vipengele, lakini kiini chake ni kimoja. Joka kubwa lilikuwa likiwamaliza watu, na Mango akaapa kuliua. Majirani, wanaoitwa Barwa katika masimulizi hayo, walimdhihaki: akiliua kweli, watamtahiri. Mango aliingia katika pango la joka lenyewe likiwa halipo, akalisubiri. Liliporudi likaingiza kichwa, akakikata. Akatahiriwa, na kwa mujibu wa masimulizi hayo ndivyo tohara ilivyopata nguvu tena miongoni mwa Wabukusu. Wimbo wa sioyaye, unaoimbwa mtahiriwa anaporudishwa kutoka mtoni alfajiri akiwa amepakwa matope, unahusishwa na ushindi huo. Hadi leo sherehe hizo hufanyika hasa mwezi wa Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili.

Kwa mtazamo wa Vladimir Propp (1928), Mango na Zau ni ndugu: wote wawili huondoka, hukabili jini au joka, na hubadilika hadhi. Lakini ufanano wa muundo haumwambii mhakiki mengi. Kinachofaa kuangaliwa ni namna ugumu unavyofanya kazi katika kisa cha Mango na katika jando linalokumbushwa na kisa hicho. Mambo matatu yanajitokeza.

Kwanza, ugumu huo una mashahidi. Mtahiriwa husimama wima mbele ya jamaa na majirani, naye hatarajiwi kupepesa jicho. Ujasiri usioonwa na mtu hauhesabiwi. Pili, ugumu huo hutangazwa mapema. Kijana huzunguka kwa jamaa akiimba na kupiga njuga, akiwaalika waje kushuhudia. Kwa hiyo hakuna anayeshtukizwa. Siku ikifika, yeye ndiye aliyeiita. Tatu, na hili ndilo kubwa, ugumu huo haurudiwi. Hutokea mara moja na huacha alama isiyofutika. Mango hakupewa nafasi ya pili pangoni.

Si lazima mtu aushangilie uchungu wa jando ili aione mantiki yake ya kisanaa. Mantiki hiyo ndiyo inayokosekana katika sehemu za mchezo zilizolaumiwa. Mchezaji anakimbia mbele ya hatari, anakosea hatua moja, anakufa, na baada ya nukta chache amesimama tena alipokuwa. Hufa mara tano, mara kumi, mara ishirini. Hakuna shahidi, hakuna alama, na hadithi haijishughulishi vya kutosha na kurudi kwake. Wahakiki waliposema sehemu hizo zinakera, walikuwa wameweka kidole penye kidonda bila kukitaja kidonda chenyewe. Kisa kizima cha Zau kinaelekea kwenye funzo moja: aliyekufa harudi, na mapenzi kwa marehemu si leseni ya kuikataa mauti. Lakini mkono wa mchezaji unafundishwa kinyume chake kila dakika: anayekufa hurudi, tena bila gharama. Maudhui yanasema mauti ni ya mwisho. Fani inasema mauti ni usumbufu.

Huo ndio mgogoro ambao hukumu ya kuisifu hadithi na kuulaumu mchezo haiwezi kuuona, kwa sababu imekwisha kuvitenganisha viwili hivyo. Dawa yake si kupunguza ugumu wala kuuongeza. Mchezo ukifanywa mwepesi zaidi, kifo kitakuwa adimu lakini kitabaki bila uzito. Ukifanywa mgumu zaidi, kitazidi kuwa cha kila mara na uzito wake utazidi kupungua. Jambo linalosikitisha ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa na ufunguo mkononi. Msafiri mwenza wa Zau ni mungu wa mauti. Nani angefaa zaidi kuwa sababu ya kurudi kwa Zau kuliko Kalunga, ambaye hawezi kumruhusu mdeni wake afe kabla deni halijalipwa? Kama kila kurudi kungetamkwa kuwa fadhila ya Kalunga, na kama siku ya kutimizwa kwa ahadi ingekuwa siku ya kukoma kwa fadhila hiyo, mchezaji angeuonja mwisho kwa mikono yake kama alivyousikia kwa masikio yake.

6.0 Mizani ya Pili: Kumuse

Ikiwa Mango ni mizani ya ushujaa, kumuse ni mizani ya msiba. Miongoni mwa Wabukusu, anapofariki mzee mwenye hadhi, baada ya mazishi huitwa bingwa wa kuswala kumuse. Watu huketi wakiacha uwanja katikati. Msemaji, akiwa na fimbo yake, hutembea huku na huku uwanjani akinena: husimulia chimbuko la jamii na koo zake, humweka marehemu katika mfululizo wa waliotangulia, hukemea maovu, husuluhisha, huonya na kufariji. Si kila mtu anayeruhusiwa kuifanya kazi hiyo, wala si kila marehemu anayefanyiwa. Manguliechi, mmoja wa mabingwa wake mashuhuri, alijipatia jina lililovuka mipaka ya Bungoma.

Katika kumuse hakuna anayedai kumfufua marehemu. Wala msiba haufichwi kwa maneno matamu. Mara nyingi msemaji huwa mkali. Kinachofanyika ni kuipa huzuni mwendo na mpaka. Huzuni ya mtu mmoja huwekwa ndani ya historia ya wengi, na mwisho wa hotuba watu huinuka wakarudi kwenye kazi za walio hai.

Kwa mizani hii, *Tales of Kenzera: ZAU* inapanda hadhi mahali ambapo wahakiki wengi walipita haraka. Katika safari yake Zau hukuta mibuyu. Chini ya mbuyu huketi, hutafakari, huongea na Kalunga juu ya baba yake, na nguvu za uhai wake huongezeka. Katika michezo ya mapambano, nguvu kwa kawaida hupatikana kwa kuua au kuokota. Hapa hupatikana kwa kuketi na kusema. Fani na maudhui zinakutana: mchezaji anajengewa mazoea kwamba huzuni iliyosemwa humwimarisha mfiwa. Kalunga, anayejitokeza kama mzee mwenye subira na wakati mwingine mwenye kukemea, anatekeleza jukumu lililo karibu sana na la msemaji wa kumuse. Hampi kijana anachokitaka, bali humtembeza mpaka kijana mwenyewe afikie kukubali.

Muundo wa hadithi ndani ya hadithi nao unaeleweka vizuri zaidi kwa mizani hii. Baba yake Zuberi aliandika kitabu kabla ya kufa, akimwachia mwanawe kisa cha kijana anayekataa kufiwa. Kwa maneno mengine, marehemu amejiandalia kumuse yake mwenyewe, na hadhira yake ni mtoto mmoja. Hapo pana uzuri na pana upungufu. Uzuri ni kwamba maandishi yanachukua nafasi ya sauti iliyonyamaza. Upungufu ni upweke. Kumuse haiwezi kutendwa mbele ya mtu mmoja chumbani. Faraja yake hutoka kwa walioketi pamoja wakiitikia. Zau anatembea nchi nzima akiwa na mungu mmoja tu kando yake, na jamii aliyofiwa nayo inabaki pembeni. Kazi inayojinasibisha na utu wa Kibantu imeazima miungu na vinyago kutoka huko, lakini huzuni yake imebaki kuwa ya mtu binafsi.

7.0 Ubantu, Lugha na Hadhira

Inaweza kupingwa kwamba si haki kuupima mchezo uliotengenezwa Uingereza kwa mizani ya Bungoma. Pingamizi hilo linazua suala la ule Ubantu unaodaiwa. Pepo watatu wa mchezo ni Impundulu, GaGorib na Kikiyaon. Impundulu, ndege wa radi, ni wa masimulizi ya Waxhosa na Wazulu, nao ni Wabantu. GaGorib, kwa upande wake, anatoka kwa Wakhoikhoi, na Kikiyaon anahusishwa na Afrika Magharibi. Kalunga ni dhana ya Wakongo na majirani zao wa Angola. Wahusika Zuberi na mji wa Amani wana majina ya Kiswahili. Ubantu huu, basi, ni mkusanyiko wa mtunzi na si rekodi ya mapokeo ya jamii moja.

Mkusanyiko huo si kosa. Kisa cha Mango chenyewe kinasimulia jinsi desturi ilivyopata nguvu kwa njia ya mashindano na majirani wasio Wabukusu. Sanaajadi daima imeazima. Kosa lingekuwa kwa mhakiki kuyachukua maelezo ya kibiashara kuwa ushahidi wa kiethnografia, kisha akausifu mchezo kwa uhalisi badala ya kuusifu kwa ubunifu. Na kwa kuwa mtunzi amefungua mlango wa jamii nyingi, Wabukusu nao wana haki ya kuingia na mizani zao.

Suala la lugha lina uzito zaidi. Kuwapo kwa sauti za Kiswahili kulitajwa na wahakiki wa Kiingereza kama jambo la kupongezwa, na mara nyingi maelezo yakaishia hapo. Maswali ambayo msomaji wa fasihi ya Kiswahili angeyauliza kwanza hayakuweza kuulizwa na mhakiki asiyeijua lugha. Je, Kiswahili cha mungu wa mauti kinatofautianaje na cha kijana mwenye hasira? Je, ukali wa mzee unasikika katika nafsi na viambishi vya heshima, au umetafsiriwa kutoka kwa mkali wa Kiingereza? Je, methali zinakaa midomoni mwa wahusika au zimebandikwa? Haya ni maswali ya mtindo na usajili, uwanja wa kawaida wa idara za Kiswahili. Kutoyauliza kunaifanya lugha kuwa pambo, na pambo halihakikiwi.

Hatimaye kuna hadhira. Katika miji ya Kenya kama Webuye, vijana wengi hawachezi michezo ya video kwa mashine zao nyumbani bali katika vibanda, wakilipa kwa mchezo au kwa muda, na mara nyingi wanachocheza ni kandanda. Uchumi wa kibanda unapendelea mchezo unaokwisha kwa dakika chache na unaochezwa na wawili. Hadithi ya saa nyingi inayochezwa na mtu mmoja haina nafasi rahisi hapo. Lakini kibanda kina kitu ambacho chumba cha mhakiki hakina: kina mashahidi. Anayecheza huzungukwa na wanaosubiri zamu. Wao humcheka anapokosea, humwelekeza, humshangilia. Kushindwa kwake kuna macho. Kwa namna hiyo hadhira ya kibanda iko karibu zaidi na muktadha wa Mulokozi, na hata na uwanja wa jando, kuliko mchezaji wa pekee ambaye mchezo huu ulimkusudia. Ugumu unaomkera mtu akiwa peke yake unaweza kuwa simulizi akiwa miongoni mwa wenzake.

8.0 Hitimisho

Makala yamejaribu kuonyesha kwamba upokezi wa *Tales of Kenzera: ZAU* uliongozwa na upeo wa matarajio ambamo ugumu ni ama kasoro ya kurekebishwa ama nishani ya kujivunia. Katika upeo huo, hadithi na uchezaji huandikiwa alama mbalimbali, kisha alama hizo hujumlishwa. Kwa mizani ya Mango, ugumu una thamani pale unapotangazwa, unaposhuhudiwa na unapoacha alama. Kwa mizani ya kumuse, huzuni hupata nafuu inapopewa mwendo, mpaka na waitikiaji. Mizani hizi zinautendea mchezo kwa ukarimu zaidi chini ya mibuyu, ambako wahakiki hawakukaa sana, na kwa ukali zaidi katika vifo vyake visivyo na gharama, ambavyo wao waliviona kuwa usumbufu wa kiufundi tu.

Hili lina maana kwa idara za fasihi. Uhakiki wa Kiswahili ulitumia miaka mingi kujadili kama fani na maudhui hutenganika. Mjadala huo, uliodhaniwa na wengine kuwa umechakaa, ndio hasa unaohitajika katika utanzu ambamo wahakiki wake bado huandika safu mbili za alama. Watafiti wa uzamili katika vyuo vya magharibi mwa Kenya wana mabingwa wa kumuse na wacheza vibandani katika miji ileile, wakati mwingine katika nyumba ileile. Michezo yenye sauti za Kiswahili itaendelea kutengenezwa, hapa na ng'ambo. Wasipoihakiki wenye lugha, itahakikiwa na wasioisikia.